Shimo, karo, bayodaijesta au bomba la pamoja? Maji taka kwa wanaojenga pembezoni mwa Dar

Shimo langu la kwanza huku Chanika nilichimba mwezi wa pili, jua kali, mchanga mkavu mpaka futi kumi na mbili chini, fundi akanigonga bega akasema bosi hapa hutanyonya miaka ishirini. Mwezi wa nne masika ikapiga wiki nzima, siku ya tano asubuhi namwaga ndoo chooni maji hayashuki, yanazunguka tu kama chai kwenye kikombe. Nikafunua mfuniko. Maji yalikuwa karibu kabisa na mdomo wa shimo, na hayakuwa ya kwetu peke yetu, maji ya ardhini yalipanda yakaja kupanga ndani ya shimo nililolilipia mimi.

Toka hapo ndugu na majirani wakitaka kujenga wananiuliza, tena swali lenyewe ni lile lile, "hivi nichimbe shimo tu au nipige karo, au hii bayodaijesta wanayoitangaza?" Jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana sianzi na choo, naanza kuuliza gari la maji taka litapita wapi. Choo chochote siku ya kwanza ni kizuri. Kinachotofautisha ni siku mzigo unapotakiwa kutoka: nani anakuja kuutoa, anaupeleka wapi, nani analipa. Mabomba ya maji taka ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) yako sana sana katikati ya jiji na maeneo machache ya karibu, sisi wa Chanika, Kivule, Kisarawe, Mkuranga, Mlandizi na miji midogo mingine ya aina hii kila nyumba inajihudumia yenyewe.

Pima haya kabla hujaita fundi

Kwanza maji ya ardhini. Usipime kiangazi kama mimi, chimba kishimo cha majaribio mwezi wa nne au wa tano, au kama huwezi kusubiri kaulize mwenye kisima cha ndoo jirani maji yake yanapanda mpaka wapi masika. Kati ya kitako cha shimo lako na maji ya ardhini walau ibaki mita 2 za udongo mkavu, huo udongo ndo unaochuja vijidudu. Na kisima, chako au cha jirani, kiwe mbali mita 30 au zaidi, tena ukiweza choo kikae upande wa chini wa mteremko.

Pili, udongo unameza? Hapa hakuna haja ya mtaalamu. Chimba kishimo cha sentimita 30, jioni kijaze maji uache ulale, asubuhi jaza tena ukae na saa na rula. Mchanga wa Mbagala au Kigamboni maji yanapotea ukiangalia, mfinyanzi wa kuelekea milima ya Pugu (kule kwenye udongo mweupe wa kaolini) utakunywa chai mpaka chupa iishe maji bado yako pale pale. Hii siyo habari ya kupita tu kwahiyo twende kwenye hesabu: watu sita wenye bomba ndani wanatumia kama lita 600 kwa siku. Mchanga unameza kama lita 40 kwa kila mita mraba ya ukuta wa shimo kwa siku, mfinyanzi ukipata 10 shukuru. Shimo la duara la upana mita 1.5 na kina mita 3 lina ukuta wa mita mraba 14 hivi, kwenye mchanga linameza lita 560, unakaribia kabisa. Kwenye mfinyanzi lita 140. Yani shimo lile lile, fundi yule yule, upande mmoja familia inaishi fresh na upande wa pili kila baada ya wiki chache unatafuta namba ya gari.

Tatu, njia. Chukua kamba, pima toka mahali gari kubwa linaweza kusimama mpaka choo kilipo. Mipira ya magari mengi ukishavuka mita 30 hivi unaanza kusikia habari za kuunganisha na bei inapanda, na kama nyumba iko bondeni chini ya barabara pampu nayo inahangaika. Nne, maji unayotumia kweli, ndoo au bomba. Tano hela, na hapa watu wanapiga hesabu ya kujenga tu wanasahau ya kunyonya.

Shimo la kawaida

*Linavyofanya kazi.* Kila kitu kinaingia shimo moja, maji yanapenya ukutani, tope linabaki na kuoza taratibu. Mtu mmoja anaacha kama lita 40 mpaka 60 za tope kwa mwaka. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 3, ukiacha nusu mita juu lina nafasi ya lita 5,600 hivi, watu sita ni miaka kama 15. Kwahiyo fundi wangu wala hakudanganya sana! Alichosahau ni kwamba mashimo ya Dar mengi hayajazwi na kinyesi, yanajazwa na maji, ya kuoga, ya kufua, ya mvua, na ya chini.

*Ardhi inayolifaa.* Mchanga, mahali pa juu, maji ya ardhini yako mbali. Lazima ukuta ujengwe, tofali za chini ziachwe na mianya, la sivyo mchanga unabomoka slabu inabaki inaning'inia. Nimeona slabu imekaa juu ya hewa Kivule, watoto wanaingia na kutoka kama kawaida, mwenye nyumba hana habari.

*Mfukoni.* Hakuna cha bei nafuu zaidi ya hiki kwa kuanza, hakuna ubishi. Ukiongeza bomba la hewa refu kupita paa lenye wavu juu, inzi na harufu vinapungua sana kwa hela ndogo.

*Likijaa.* Hapa ndo utamu unaishia. Tope la shimo ni zito, limechanganyika na matambara, pedi, chupa za dawa, gari linaziba. Mtaa usiopitika na gari wanaitwa vyura, vijana wanaoingia na ndoo, kazi ya hatari kupita maelezo maana hewa ya humo ndani inaua mtu kimya kimya. Siku hizi sehemu nyingine kuna pampu ya mkono ya Gulper, mtu anasimama juu anavuta kwa mpini, hiyo walau ni ya kibinadamu. Na kuna ile njia ya tatu tunayoijua wote hatuisemi, kutapisha. Mvua inapiga saa nane usiku, jirani anatoboa ukuta wa shimo, mzigo unaondoka na mtaro, asubuhi watoto wanakanyaga wakienda shule. Kipindupindu cha 2015 kilianza mwezi wa nane hapa hapa Dar halafu kikasambaa nchini, siwezi kusema ni jirani yako, ila mchanganyiko wa mvua, mitaro na visima vifupi siyo wa kuchezea.

*Linamfaa nani.* Anayetumia ndoo, kiwanja kikubwa kilichoinuka, au anayejenga banda la kuanzia maisha. Maji ya kuogea yapeleke kwenye migomba yasiingie humo, utaongeza miaka bure. Chumvi ya mawe na mafuta ya taa wanavyokwambia umwage, acha tu, havipunguzi mzigo.

Karo la vyumba viwili na sokawei

*Linavyofanya kazi.* Karo ni tenki lisilovuja. Chumba cha kwanza kinachukua kama theluthi mbili ya ukubwa wote, tope linashuka, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanavuka kwenda chumba cha pili halafu yanatoka kwenda sokawei, ambayo ni shimo la kumeza lenye mawe au ukuta wa mianya. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe na umbo la T ili povu la juu lisisafiri. Sasa ishu kubwa: makaro mengi ninayoonyeshwa huku siyo makaro. Fundi anachimba mita tatu kwa tatu, anajenga tofali, hapigi sakafu, hapigi plasta, anafunika slabu nzuri anakwambia karo tayari. Hilo ni shimo la kawaida lililovaa suti. Ukitaka kujua, siku limemaliza kujengwa lijaze maji uweke alama ukutani, rudi kesho. Alama imeshuka, mwambie fundi arudi hajamaliza kazi.

Na ukubwa nao wanatupiga. Watu sita wa lita 600 kwa siku, ukiweka nafasi ya maji ya siku mbili ni lita 1,200, tope la miaka minne kwa lita 40 kila mtu ni 960, jumla lita 2,160. Jenga la lita 3,000 umetosheka. Lile la mita tatu kwa tatu kwa tatu ni lita 27,000, unazika simenti yako ardhini bila sababu, hela hiyo ingejenga sokawei ya pili ambayo ndo mara nyingi inayokosekana.

*Ardhi inayolifaa.* Karo lenyewe halijali udongo sana ila sokawei inajali kila kitu, hesabu zile zile za ukuta na lita. Maji yanayotoka kwenye karo siyo safi, uchafu umepungua labda theluthi mpaka nusu lakini vijidudu bado wapo kibao, udongo ndo unamalizia kazi. Kwahiyo mwenye maji ya ardhini juu, karo peke yake halikuokoi, mimi hapo nilijenga sokawei fupi na pana badala ya ndefu na nyembamba, kitako kiko mita moja na robo tu, mawe juu yake, na masika mbili zimepita choo kinashuka, ingawa zile mita 2 za udongo mkavu sizipati.

*Mfukoni.* Kuanza ni ghali kuliko shimo, mara mbili au zaidi kutegemea na udongo na bei ya simenti ulipo. Baadae inakuwa nafuu kwasababu unanyonya tope la chumba cha kwanza tu, kila miaka mitatu mpaka mitano hivi, na tope ni laini gari linanyonya bila ugomvi.

*Likijaa.* Usisubiri harufu. Mimi nina fito ndefu nimeifunga kitambaa cheupe cha taulo, naizamisha taratibu mpaka chini, naacha kidogo, nikiivuta sehemu iliyokaa kwenye tope inatoka nyeusi tii na juu yake kijivu. Nyeusi ikifika theluthi ya kina napiga simu. Mtu yeyote asiingie ndani, hata kama ni tupu, hata kama ni dakika mbili kuokota ndoo. Na Jik chupa nzima kila siku inaua bakteria wanaokufanyia kazi bure.

*Linamfaa nani.* Nyumba ya bomba ndani, kiwanja chenye nafasi ya kutenga karo na sokawei, barabara inayopitika. Mwenye wapangaji wengi azidishe hesabu, asiige karo la jirani.

Bayodaijesta

*Inavyofanya kazi.* Chini ya hili jina kuna vitu viwili tofauti kabisa na wauzaji wanavichanganya makusudi. Cha kwanza ni mtambo wa gesi kweli, kuba lililofunikwa, kinyesi kinaoza bila hewa, gesi inakwenda jikoni. Kinyesi cha mtu mmoja kinatoa kama lita 25 mpaka 30 za gesi kwa siku, familia ya sita ni lita 180 siku nzuri, jiko moja linakula 200 na kuendelea kwa saa. Maharage hayaivi hapo. Ukiwa na ng'ombe wawili watatu wa ndani ndo inakuwa hadithi nyingine, unapika kweli na mbolea unapata. Cha pili ndo kile kinachotangazwa sana, kitenki kidogo, tabaka la kuchuja, "bakteria maalum", hakuna kunyonya milele.

*Ardhi inayoifaa.* Kinachukua nafasi ndogo, hapo wanasema kweli, kiwanja cha mita 15 kwa 15 chenye nyumba tayari utakishukuru. Lakini maji bado yanatoka na lazima yaende mahali, na hayo maji bado yana vijidudu. Mfinyanzi haujui kama maji yametoka kwenye bayodaijesta au karo, unakataa yote.

*Mfukoni.* Bei zinapishana kupita kiasi kati ya muuzaji na muuzaji. Muulize mambo manne tu: tenki ni lita ngapi, maji yanatokea wapi, tope litatolewa kupitia mfuniko upi, na nani anarudi likiziba. Kuna mmoja nilimuuliza hilo la tope akacheka akasema bakteria wanakula yote. Bakteria hawali mchanga, nywele wala plastiki, na wao wenyewe wakifa wanakuwa tope. Kinachopungua ni kiasi, siku ya kutoa inasogea mbele, haifutiki.

*Inamfaa nani.* Kiwanja kidogo, familia isiyobadilika badilika, nidhamu ya nini kinaingia chooni, na muuzaji uliyeona kazi yake ya miaka minne mitano iliyopita, siyo ya mwezi jana. Na mfugaji, huyo achukue ya gesi asifikirie mara mbili.

Bomba la pamoja na bustani ya matete

*Linavyofanya kazi.* Nyumba ishirini, thelathini zinaungana kwa bomba dogo la inchi nne, linapita uani na vichochoroni kwa kina kifupi maana hakuna gari juu yake, linaenda kwenye karo kubwa la vyumba vingi halafu kwenye bustani ya kokoto iliyopandwa matete, mizizi na bakteria wanamalizia. Mabomba ya namna hii yalianza Brazil miaka ya 1980 kwenye mitaa ya watu wa chini ambako bomba kubwa la mjini lisingepita.

*Ardhi.* Inataka mteremko, hata mdogo wa nusu sentimita kwa kila mita unatosha, na inataka kipande cha bustani cha mita mraba 1 mpaka 2 kwa kila mtu. Maji ya ardhini yakiwa juu hii ndo inayokuwa na akili kuliko zote kwasababu bustani inawekewa sakafu, hutegemei udongo wa kila nyumba.

*Mfukoni na likijaa.* Kila nyumba inachangia, karo ni moja, linajengwa pembeni ya barabara, gari linakuja kituo kimoja. Ugumu wake haupo kwenye bomba. Upo kwa mzee fulani anayekataa bomba lipite uani kwake, kwa mpangaji anayesema hiyo ni ya baba mwenye nyumba, kwa mweka hazina aliyehama. Mnahitaji mtu mmoja anayelipwa, hata kidogo, kufungua chemba kila wiki na kufyeka matete. Mkitegemea kujitolea, mwaka wa pili chemba zimejaa mchanga. Na mpitie serikali ya mtaa na mamlaka ya maji mapema, siyo bomba likishafukiwa.

*Linawafaa nani.* Nyumba zimebanana, gari haliingii, watu wanajuana.

Kama mnaongelea mji mdogo mzima, hapo siyo swali la fundi tena. Kitu cha kudai kwa mamlaka ni mahali pa karibu pa kumwaga, mabwawa ya kutibu tope, maana gari likitoka huku kwenda mabwawa ya Vingunguti unalipia mafuta na foleni yote ile, na dereva mwenye tamaa anaona bonde liko karibu zaidi. Mabwawa yanataka ardhi kubwa na jua, umeme karibu hayatumii kabisa, bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 mpaka 5, yanayofuata kina cha mita moja na nusu hivi ili mwanga uingie. Moshi kule Mabogini maji yanayotoka mabwawani wakulima wa mpunga wanayagombania.

Sasa wewe uko wapi?

Unaanza maisha, unachota kwa ndoo, kiwanja cha mchanga kimeinuka: shimo lililojengewa ukuta na bomba la hewa, hela inayobaki malizia paa. Ila liweke upande wa barabara, ukija kuingiza bomba ndani utaligeuza sokawei.

Una bomba ndani na gari linafika: karo la lita 3,000 lisilovuja, na nguvu zote peleka kwenye sokawei. Mfinyanzi? Sokawei nne au mtaro mrefu wa kokoto, na maji ya kuoga yatenge.

Kiwanja kidogo hakuna pa kuweka vitu viwili: bayodaijesta ya muuzaji aliyejibu maswali manne bila kucheka.

Maji ya ardhini yanapanda kama kwangu: sokawei fupi pana kama una nafasi, huna nafasi kaa na majirani mzungumze bomba la pamoja kabla kila mtu hajazika hela yake. Sisi mtaani tumeshakaa vikao viwili, cha tatu kimeahirishwa kwasababu ya msiba.

Mabondeni, Msimbazi na mito yake: hakuna choo cha kuchimba kitakachokaa salama mafuriko yakija kama yale ya Desemba 2011, kinachowezekana ni tenki lililofungwa kabisa juu ya ardhi na kunyonya mara kwa mara, na hiyo ni gharama ambayo wenyeji wengi hawaiwezi.

Na vyovyote utakavyochagua mifuniko ya chemba iache ionekane. Jirani yangu alipiga tailizi ua mzima, nzuri kweli, za kijivu, mwaka jana karo likajaa wakapasua nane ndo wakakuta mfuniko uko chini ya ya tisa.